Goma: katikati ya mji ikijengwa upya, nani anaulizwa?

Kila mara kunaposikika habari ya kutengeneza upya katikati ya mji, iwe barabara, soko au majengo, neno moja hutangulia: wakaaji washirikishwe. Neno ni zuri. Lakini tumeona namna linavyotimizwa. Watu wanaitwa kwenye sale, wanaonyeshwa ramani iliyokwisha kutiwa sahihi, wanaambiwa siku ya kubomoa, kisha wanaandika majina yao kwenye karatasi ya waliohudhuria. Huko ni kutangaziwa, si kuulizwa. Na karatasi ile ya majina baadaye inageuka ushahidi kwamba wananchi walikubali.

Mji wa Goma unajua jambo hili kuliko miji mingi. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka upande wa kusini, na lava ikapita katikati ya mji mpaka ziwani. Karibu 13% ya mji ilifunikwa, na watu wapatao 120,000 walibaki bila nyumba. Wengi walivuka mpaka kwenda Gisenyi, ambako mashirika yalitaka kuwapeleka kambini. Walikaa siku chache tu, wakarudi mawe yangali ya moto. Walivunja lava kwa nyundo, wakainua kuta kwa mawe yaleyale, wakasimamisha nyumba za mbao juu yake. Kuna majengo ambayo ghorofa ya chini ilijaa lava, na ile ya juu ndiyo ikawa ya kuingilia.

Basi katikati ya mji ilijengwa upya na wakaaji wenyewe: waashi, wauzaji, wasukuma chukudu. (Msukuma chukudu amepewa hata sanamu kwenye mzunguko wa barabara. Kuulizwa barabara ipite wapi ni jambo lingine.) Lakini tusisifu tu. Watu walirudi palepale lava ilipopita, kila mtu kwa nguvu zake. Wataalamu waliujua mlima, wakaaji waliujua mji, na pande hizo mbili hazikukaa pamoja vya kutosha. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka tena, na lava ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Siku tano baadaye ilitolewa amri ya kuhama sehemu kubwa ya mji, na mamia ya maelfu ya watu wakaondoka kwa haraka, wengi kwa njia ya Sake. Mji uliojengwa bila mazungumzo ulionekana siku ile.

Shida kubwa, kwa maoni yetu, iko katika kujua nani anahesabiwa kuwa mkaaji. Sheria ya ardhi ya 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali, na mtu anapewa haki ya kuutumia kwa hati. Katiba ya 2006, kifungu cha 34, inataka anayenyang'anywa mali kwa faida ya wote alipwe haki yake kwanza. Vizuri. Ila wengi wetu tuna karatasi ya mauzo tu, iliyoandikwa mbele ya mkuu wa kartie. Mpangaji hana hata hiyo. Na mama anayeuza sambaza chini kule Birere ana nini? Soko likifungwa miezi sita, anapoteza wateja, zamu yake ya likirimba na karo ya watoto, na hakuna daftari lenye jina lake.

Kanuni za Benki ya Dunia zilizoanza kutumika Oktoba 2018 zinamtambua mtu kama huyo katika kazi zinazolipiwa na mikopo yake. Asiye na haki juu ya kiwanja halipwi udongo, bali alichojenga, na anasaidiwa kurudisha riziki yake. Ni vema viongozi wa makanisa wajue hilo, kwa sababu mara nyingi ni sisi tunaoombwa kutangaza mkutano baada ya ibada.

Kuna jambo jingine tunalolisema kwa uangalifu. Mwaka 2002 mji ulikuwa mikononi mwa RCD-Goma. Tangu mwisho wa Januari 2025 uko mikononi mwa AFC/M23. Wenye mamlaka hubadilika, na sahihi ya mmoja hukataliwa na anayemfuata. Kwa hiyo wakaaji wanahitaji kumbukumbu yao wenyewe: nani alikaa wapi, nani aliuza wapi, nani aliahidiwa nini. Kwa kila avenue daftari moja linatosha, na nakala yake ihifadhiwe mahali pengine.

Nehemia alizunguka kuta za Yerusalemu usiku bila kumwambia mtu. Wakubwa wengi wanapenda sehemu hiyo. Lakini kabla jiwe la kwanza halijainuliwa aliwaeleza watu hali yenyewe, na kazi ikiwa katikati, maskini walipolia juu ya mashamba yao yaliyowekwa rehani, aliitisha mkutano mkubwa, na mashamba yakarudishwa.

Barua ya mkutano ikifika kanisani, tuulize kwanza kama ramani imekwisha kutiwa sahihi. Kisha tuulize kama wapangaji na wamama wa soko wamealikwa, na kama saa iliyochaguliwa si ile ambayo wako sokoni.