Risiva ya Mtumba: Ipimwe Kwanza, Ilipiwe Baadaye

Nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo linalozungumzwa sana bwenini na katika mikutano ya wazazi muhula huu, nalo ni chombo cha sauti cha bwalo letu. Kama wote tujuavyo, kile cha zamani kimekufa, na fundi amekwisha kusema hakitafufuka. Vipindi vya kusikiliza taarifa ya habari na michezo ya redio vimesimama. Filamu za masomo zinapoonyeshwa ukutani, walioketi nyuma hutazama midomo ikichezacheza tu, wasisikie neno. Wazazi wamechanga fedha, na Bodi itakata shauri kabla ya kufunga shule. Swali lililobaki ni moja: je, tununue sabufa mpya yenye taa za rangi, au tununue risiva iliyokwisha kutumika na kutengenezwa upya, pamoja na spika mbili nzuri?

Maoni yangu ni kwamba tununue risiva iliyotumika, kwa sharti moja lisilovunjwa: isilipiwe hata senti moja kabla ya kupimwa mbele ya macho yetu. Sharti hilo likikataliwa na muuzaji, heri fedha zikae benki hata mwakani.

Kwanza yafaa tuelewane juu ya neno lenyewe. Risiva ninayoisema hapa si king'amuzi cha televisheni. Ni sanduku moja lenye redio na amplifaya ndani yake, lenye matundu ya kupokea sauti kutoka kwa simu, kompyuta au deki, na nyuma yake mna mahali pa kufunga waya za spika. Watu wa Ulaya, Marekani na Japani huziweka sebuleni. Wakinunua nyingine mpya, zile za kwanza huuzwa, na baadhi yake hufika mpaka madukani mwetu.

Pili, tuelewane juu ya maneno "imetengenezwa upya." Maneno hayo yana maana mbili zilizo mbali kama mbingu na ardhi. Maana ya kwanza ni kwamba fundi ameifungua, akaisafisha, akabadilisha vipuri vilivyochoka, akaijaribu, na muuzaji yu tayari kuandika dhamana. Maana ya pili ni kwamba mtu amechukua kitambaa na mafuta kidogo akaipangusa vumbi hata iking'aa. Kwa macho zote mbili ni sawasawa. Hapo ndipo wengi huliwa fedha zao.

Wako wenzangu wanaosema, "Kwa nini tujisumbue? Kipya hakina maradhi." Nawajibu kwamba si kila kipya ni kizima, na si kila kilichoandikwa juu ya sanduku ni kweli. Niliona dukani sabufa mpya ambayo sanduku lake limeandikwa wati 5,000, lakini kibandiko cha nyuma chasema yatumia umeme wa wati 60. Sisi tuliosoma Fizikia twajua kwamba nishati haiumbwi wala haiharibiwi. Basi chombo kinachokunywa wati 60 kitatoaje wati 5,000 mfululizo? Hesabu hiyo hata mtoto wa Kidato cha Kwanza aweza kuikataa. Ujanja huu si wa jana. Huko Marekani serikali ililazimika kuweka kanuni mwaka 1974 juu ya namna watengenezaji wanavyotangaza wati za amplifaya za nyumbani, kwa sababu kila mmoja alikuwa akijitangazia apendavyo. Mnunuzi mwenye busara hutafuta wati za kudumu, yaani zile ambazo chombo chaweza kutoa kwa muda mrefu bila kukwaruza sauti. Risiva ya wati 50 za kweli kwa kila spika, ikipewa spika nzuri, yatosha bwalo letu.

Lakini nisije nikaonekana mpiga debe wa mitumba. Hatari zake nazijua, kwa kuwa likizo ya mwezi wa Juni baba yangu alinunua risiva ya namna hii kwa ajili ya nyumbani, nami nilikuwa naye pamoja na fundi redio wa mtaani kwetu. Katika duka la kwanza tulionyeshwa moja nzuri mno ya kutazama. Muuzaji akasema, "Mzee, hii ni kama mpya." Baba akamjibu, "Kama mpya si mpya, kijana wangu. Igeuze tuone mgongo wake." Ilipogeuzwa, fundi akasoma kibandiko: volti 100. Ilikuwa imetengenezwa kwa matumizi ya Japani, ambako umeme wa majumbani ni volti 100. Umeme wetu ni volti 230. Wala haikuwa na swichi ya kuchagulia volti. Muuzaji hakuwa ametaja jambo hilo, tena waya wake ulikwisha kubadilishwa ukatiwa plagi ya kwetu yenye miguu mitatu. Plagi yaweza kubadilishwa kwa dakika tano. Transfoma iliyo ndani haibadiliki kwa sababu ya plagi.

Tuifanyie hesabu. Katika kifaa chenye ukinzani usiobadilika, nguvu hufuata kipeo cha pili cha volti. Volti zikizidi mara 2.3, nguvu huzidi mara 5 na zaidi. Chombo cha volti 100 kikichomekwa katika soketi yetu, kama bahati ipo fyuzi hukatika. Kama haipo, transfoma huungua na moshi hujaa nyumba. Kwa bwalo lenye watoto mamia, jambo hilo si la kuchezea.

Risiva ile ilikuwa na kasoro nyingine ambayo wengi hawaifahamu. Redio yake ya FM ilianzia megahezi 76 ikaishia 90, kama zilivyo risiva nyingi za zamani za Japani. Stesheni zetu ziko kati ya megahezi 87.5 na 108. Maana yake ni kwamba, katika upana wa megahezi 20.5 unaotumika kwetu, risiva ile ingeshika 2.5 tu. Mtu angeipeleka nyumbani, azungushe asubuhi mpaka jioni, akidhani redio ni mbovu, kumbe ni nzima lakini imezaliwa kwa ajili ya nchi nyingine. Tukaiacha, tukaenda zetu.

Katika duka la pili tulipata iliyoandikwa volti 220 hadi 240, na mwenye duka akatupa meza, soketi, na muda. Hapo ndipo nilipojifunza utaratibu ambao nataka shule yetu iufuate.

Kwanza, kabla ya kuichomeka, fundi aliitazama kwa tochi kupitia matundu ya juu, akainusa. Kapasita zilizovimba vichwa, alama nyeusi za kuungua, au harufu ya kitu kilichoteketea, zote ni dalili za ugonjwa. Nawaonya wenzangu: msijaribu kuifungua wenyewe kwa bisibisi. Kapasita kubwa zaweza kubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa, na umeme huo hautambui nani ni mwanafunzi na nani ni fundi.

Pili, aliiwasha bila spika, sauti ikiwa imepunguzwa kabisa, akapima kwa mita mahali pa kufungia waya za spika. Hapo umeme wa mkondo mnyoofu wapasa kukaribia sifuri. Yeye hukubali mpaka milivolti 50 hivi. Ukizidi sana hapo, amplifaya ina kasoro, na umeme huo utaupasha joto waya ulio ndani ya spika hata kuuunguza.

Tatu, alifunga spika ya bei ndogo aliyokuja nayo mwenyewe. Alisema kwamba risiva usiyoijua haipewi spika nzuri siku ya kwanza. Ilipowashwa, baada ya sekunde chache tulisikia "tik" ndani yake, ndiyo swichi ya kulinda spika ikijifunga. Kisha, bila muziki wowote, akaizungusha sauti polepole. Ikivuma "uuuu" bila kukoma, yawezekana kapasita za kuchuja umeme zimechoka. Ikikwaruza wakati wa kuzungusha tu, mara nyingi ni vumbi, na dawa ya kusafishia huitibu. Ya kwetu ilikwaruza kidogo, fundi akaipulizia dawa papo hapo, ikatulia.

Nne, alijaribu kila tundu na kila upande, kulia na kushoto, kwa sauti ndogo na kubwa. Kwa redio alichomeka kipande cha waya chenye urefu wa sentimita 75. Nilipomwuliza kwa nini kipimo hicho, akaniambia nikatafute jibu shuleni. Jibu nimelipata: wimbi la megahezi 100 lina urefu wa mita 3, na robo yake ni sentimita 75. Siku hiyo nilifurahi kuona hesabu ya ubaoni ikishika stesheni dukani.

Tano, na hili ndilo wanunuzi wengi hulikosa kwa haraka, risiva iliachwa ikilia saa nzima. Maradhi mengine hayatokei chombo kikiwa baridi. Kipuri kilichochoka, au lehemu iliyopasuka, huvumilia dakika kumi, kisha joto likipanda sauti hukatika upande mmoja au chombo hujizima. Baada ya saa hiyo fundi aliweka mkono juu ya matundu. Palikuwa na joto la kadiri, mkono wakaa bila kuungua.

Mwisho baba alidai risiti yenye namba ya chombo na dhamana ya miezi mitatu iliyoandikwa kwa kalamu na kugongwa mhuri. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa nigeukie hoja za wanaopinga. Wengine husema kwamba shule ya serikali kununua mtumba ni aibu. Sioni aibu yoyote. Aibu ni kutumia michango ya wazazi, ambao wengine wameuza mahindi na kuku, kununua taa za rangi zitakazozimika mwaka ujao. Wengine husema vipuri havipatikani. Hoja hii ina uzito. Risiva za zamani nyingi zina vipuri vya kawaida ambavyo fundi aweza kuvibadilisha kwa lehemu, lakini zile zenye kompyuta nyingi ndani yake humshinda hata fundi hodari. Kwa hiyo tuchague ya aina nyepesi, yenye njia mbili tu za sauti, kwa maana bwalo halihitaji sauti za sinema kutoka pande tano. Na kama haina Bluetooth, waya wenye vichwa vyekundu na vyeupe kutoka kwenye simu au kompyuta watosha.

Nawakubalia pia kwamba iko siku kipya ni bora. Kama hatuna fundi wa kupima, au duka halitaki kutoa saa moja ya majaribio, au chombo ni cha volti 100 na kitahitaji transfoma ya pembeni ambayo siku moja mtu ataisahau, basi tununue kipya kidogo chenye dhamana ya kweli. Sishabikii ukale. Nashabikia kipimo.

Basi naiomba Bodi na Mkuu wa Shule mambo matatu. La kwanza, mwalimu wa Fizikia, fundi mmoja, mzazi mmoja na wanafunzi wawili waende pamoja dukani wakiwa na mita, spika ya majaribio na waya wa sentimita 75. La pili, matokeo ya kila kipimo yaandikwe katika karatasi na kubandikwa ubao wa matangazo, ili kila aliyechanga aone fedha yake ilikwenda wapi. La tatu, risiva ikifika, pawe na kanuni ya spika: mtu asiongeze spika nyingine ovyo ovyo. Spika mbili za omu 8 zikifungwa sambamba katika mdomo mmoja huwa omu 4, na risiva iliyoandikwa isipungue omu 6 italemewa, ipate joto, na kufa kama ile tuliyoizika mwaka huu.

Wanafunzi wenzangu, najua taa za rangi zapendeza siku ya sherehe. Lakini sherehe ni mara tatu kwa mwaka, na masomo ni kila siku. Mwenye maoni mengine na aandike katika toleo lijalo, ila namwomba aje na tarakimu zake, za volti, za wati na za shilingi, tuzilinganishe kabla Bodi haijatia sahihi.