"Nikumbushe Baadaye" Ndiyo Mlango wa Wezi

Ni wangapi kati yetu kompyuta ikituomba tuizime na kuiwasha upya hubonyeza "nikumbushe baadaye"? Mimi ni mmojawapo. Kumbe hiyo baadaye ndiyo wezi wanayoisubiri.

Mwaka 2006 Jeff Arnold, mwanafunzi wa chuo cha MIT huko Marekani, alikuwa akisimamia seva ya Linux. Kiraka cha usalama kilishatoka, lakini kukiweka kulihitaji kuzima mashine. Akaahirisha ili asiwasumbue watumiaji. Kabla hajakiweka, mvamizi akaingia.

Kutokana na pigo hilo, Arnold na wenzake walitengeneza Ksplice, programu inayotia kiraka kwenye kiini cha Linux huku kazi zikiendelea. Mashine husita kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, kisha kila amri iliyokuwa ikielekea kwenye sehemu mbovu hupelekwa kwenye sehemu mpya. Katika viraka 64 vya usalama vya kati ya 2005 na 2008, 56 viliingia bila kuandikwa upya. Oracle ikainunua kampuni yao mwaka 2011, na tangu 2015 Linux yenyewe ina uwezo wa namna hiyo.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya makampuni makubwa tu. Sikubaliani nao. Mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilikwamisha hospitali za Uingereza hadi wagonjwa wakaahirishiwa matibabu, ilhali Microsoft ilikuwa imetoa kinga tangu Machi. Sababu za kuchelewa ni nyingi, lakini hofu ya kusimamisha kazi isiwe mojawapo tena.

Kwa wenzetu nyumbani wenye seva ofisini: Ubuntu hutoa huduma hii bure kwa mashine zisizozidi tano. Lakini tusidanganyane, si dawa ya kila kitu. Kiraka cha namna hii huziba matundu ya usalama. Toleo jipya la kiini bado linataka mashine izimwe.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Seva isiyoweza kulala itiwe kiraka ikiwa macho. Na hiyo kompyuta yako ya nyumbani, isiyo na mgonjwa wala mteja anayeingoja? Izime usiku huu, uiwashe upya.