Kufundisha Yasiyoonekana: Elektroni katika Metali

Miongoni mwa mada zinazowatia hofu walimu wapya wa sayansi ni zile zihusuzo mambo yasiyoonekana kwa macho. Mwalimu huandika ubaoni kwamba umeme katika waya wa shaba ni mwendo wa elektroni; wanafunzi hunakili, hukariri, na siku ya mtihani huyarudisha maneno yaleyale. Mtoto akithubutu kuuliza nani amewahi kuiona elektroni, hujibiwa kwamba wataalamu wamekwisha gundua. Sisi tunaona kwamba jibu hilo halifai. Mtoto aliyezoezwa kuamini pasipo ushahidi ataamini kila asemacho mwenye sauti kubwa.

Basi wataalamu walijuaje? Njia ni nyingi, tutazame moja. Mlinganyo ambao Paul Dirac wa Uingereza aliutoa mwaka 1928 ulielekeza kuwapo kwa chembe pacha ya elektroni, yenye tungamo lilelile lakini chaji chanya. Mwaka 1932 Carl Anderson wa Marekani aliona alama ya njia yake katika picha, nayo ikaitwa positroni. Wala si mgeni Bukoba: ndizi ina potasiamu, na sehemu ndogo mno ya potasiamu hiyo hutoa positroni kwa nadra sana, bila kumdhuru mlaji.

Positroni itokayo katika sodiamu-22 ikipenya ndani ya metali, hupunguza mwendo, na kabla ya sehemu moja ya bilioni ya sekunde kupita hukutana na elektroni. Zote mbili hutoweka, na mahali pao hutoka miali miwili ya gama. Kama elektroni ingekuwa imetulia, miali hiyo ingeelekea pande mbili zilizo mkabala kabisa. Vipimo huonyesha kwamba hupinda kidogo, pungufu ya digrii moja. Upindo huo ndio habari yenyewe: elektroni ilikuwa mwendoni, na kiasi cha upindo chatuambia mwendo wake. Tena, mahali palipokosekana atomu elektroni ni chache, hivyo positroni huishi muda mrefu zaidi. Kwa kupima muda huo kasoro ya metali hujulikana bila kuikata.

Wapo watakaosema kwamba hii ni mada ya chuo kikuu. Ni kweli kwamba jina na hesabu zake si za mtoto wa darasa la tano. Lakini hoja iliyomo, yaani kupeleka kitu ndani na kusoma kinachorudi, mtoto wa Muleba anaijua: mama yake hugonga chungu sokoni kusikia kama kina ufa.

Mfano mwingine uko Kemondo na Katuruka, yalikochimbuliwa matanuri ya kale ya chuma. Mwaka 1978 mwanaakiolojia Peter Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery walichapisha matokeo ya uchunguzi wao. Hakuna aliyeshuhudia matanuri hayo yakiwaka zaidi ya miaka 1,400 iliyopita. Hata hivyo, mavi ya chuma yalibaki na alama za matete yaliyowekwa shimoni, na wazee wa Kihaya walioijua kazi hiyo walipoyeyusha chuma tena, maana ya alama hizo ilidhihirika.

Kwa hiyo tunapendekeza utaratibu ufuatao. Kwanza, mwalimu afiche kipande cha mti chenye umbo fulani chini ya ubao mwepesi, akiacha nafasi pembeni. Wanafunzi waviringishe gololi kutoka kila upande, wachore zinakotokea, kisha wabashiri umbo lililofichwa. Pili, kabla ya kufunua, kila kundi litaje ushahidi wake, na pia litaje jambo ambalo gololi haiwezi kulijulisha, kama vile rangi. Positroni nayo ina mipaka: kwa kuwa chaji yake ni chanya, husukumwa mbali na viini vya atomu, hivyo hutuletea zaidi habari za elektroni za nje. Tatu, ndipo wajaribu betri, balbu, msumari na kijiti, na neno elektroni liingie kama maelezo ya walichokiona.

Utaratibu huu utachukua vipindi viwili mahali pa kimoja, na mwalimu mwenye muhtasari mrefu atalalamika. Sisi twasema vipindi hivyo vitolewe. Afadhali mtoto amalize shule akijua mambo machache na namna yalivyojulikana, kuliko kubeba orodha ndefu asiyoweza kuitetea. Nanyi wanachuo, kila mtakapoandika ubaoni jambo lisiloonekana, muwe tayari kwa swali moja: tumejuaje?