Dereva Hakulijenga Paa

Imekuwa itikadi ya watu wengi, huko Marekani ambako kesi za ajali za magari hunguruma mahakamani na hata huku kwetu, kwamba gari likipinduka na roho zikapotea, mwenye taksiri ni yule tu aliyeileta ajali, awe dereva aliyekwenda mbio au fundi aliyefunga tairi bovu. Na kwamba kulishtaki kiwanda kilicholiunda gari ni tamaa ya warithi na hila za mawakili. Naikataa itikadi hii, kwa kuwa sababu ya ajali ni jambo moja na sababu ya mauti ni jambo jingine.

Mahakama zenyewe zilipata kukosea hapo. Mwaka 1966 mahakama ya rufani ya Chicago, katika kesi iliyoikabili General Motors, iliamua kwamba kugongana si katika makusudi ya gari, na kwa hiyo mtengenezaji hana dhima juu ya yatokeayo likigongwa. Fundi wa jahazi hajui ni siku gani bahari itachafuka, lakini ajua kwamba itachafuka. Vipi basi muunda magari apewe udhuru ambao muunda vyombo hapewi? Mwaka 1977 mahakama ile ile iliifuta kauli yake, na kilichoirejesha ni kadhia ya lori: lilijikunja karibu na Terre Haute, katika jimbo la Indiana, likagonga nguzo ya daraja, mafuta yakawaka, na dereva, ambaye hakufia pale alipogonga, akafariki siku chache baadaye kwa kuungua. Mjane wake alidai kwamba mpango wa mafuta wa lori lile ulikuwa na kasoro, na mahakama ikakiri kwamba dai la namna hiyo ni halali.

Yatazame pia yaliyotokea Georgia. Mwezi Aprili 2014, pikapu ya Ford F-250 iliyoundwa mwaka 2002 ilipasuka tairi la mbele, ikapinduka, na paa likawalalia mume na mke waliokuwa ndani, wakafa. Mwaka 2022 jopo la raia liligawa lawama: asilimia 30 kwa duka lililofunga matairi yasiyoistahili gari ile, na asilimia 70 kwa Ford, kisha likatoza fidia ya adhabu ya dola bilioni 1.7. Hukumu hiyo ilitenguliwa Novemba 2024, kwa kuwa kiwanda kilizuiwa isivyostahili kuleta ithibati zake, na kutengua huko ni insafu, maana mshtakiwa sharti asikizwe. Lakini mgawanyo ule ulikuwa na maana ambayo rufani haikuiondoa: tairi lilipindua gari, na paa ni suala la peke yake.

Watetezi wa viwanda hudai kwamba gari lililotii sheria halina hatia. Sheria ipi? Kanuni ya nguvu za paa ilianza mwaka 1973 kwa magari madogo, ikafikishwa katika miaka ya 1990 kwa yale ya mizigo yasiyozidi ratili 6,000, yaani kama kilo 2,700 pamoja na shehena, na pikapu ile ilikuwa nzito kupita kiasi hicho. Kanuni ya 2009 ndiyo iliyoyafikia mazito zaidi, hadi ratili 10,000, nayo iliyataka paa la kuhimili uzito wa gari mara moja na nusu tu, ilhali mepesi yalitakiwa kuhimili mara tatu. Gari lenye uzito mkubwa wa kulikandamiza paa lake ndilo lililopewa sharti hafifu, na kabla ya hapo halikupewa lolote! Maadamu serikali iliacha pengo hilo kwa miongo, aila za marehemu hazikuwa na mlango mwingine wa kubisha ila wa mahakama.

Kwa hiyo, msomaji, usikiapo tena kwamba warithi wamekishtaki kiwanda, usiwahukumu kwa tamaa kabla hujauliza maswali mawili: gari lilipinduka kwa nini, na waliomo walikufa kwa nini. La kwanza aweza kujibu dereva. La pili alijibu yule aliyelichora paa na kulipitisha.