Rosa hahitaji msamaha wa Charles!

Haya wadau, leo sina habari za baridi wala za bei ya kutuma pesa nyumbani. Leo nina ugomvi.

Kuna mchezo umeshika kasi kwenye vikao vyetu Wabongo wa huku ughaibuni. Kila mtu anatunga sehemu ya pili ya filamu au kitabu alichokipenda. (Sehemu ya pili ya kweli, siyo zile za Bongo Movie, sinema moja ilikuwa inakatwa katikati tunauziwa diski mbili!) Kwenye Titanic kila mtu anamfufua Jack. Mimi nesi nawaambia, maji yale yalikuwa chini ya nyuzi sifuri, muacheni kijana wa watu apumzike... hawasikii. Sawa, huo ni utani tu.

Ila tulipofika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, utani ukaisha. Kaka mmoja, msomi kabisa, akatunga yake: Rosa hajiui, Charles anarudi, anamsamehe, harusi kanisani, pilau. Watu wakapiga makofi.

AMSAMEHE KWA LIPI? Waliokisoma mnakumbuka. Baba mlevi, Zakaria, anamtwanga binti yake kwa sababu ya barua tu ya mvulana. Rosa anatoka Ukerewe kwenda shule hajui lolote kuhusu wanaume, maana nyumbani kulikuwa na fimbo, siyo mazungumzo. Wanaume wenye vyeo wakamchezea. Mimba ikatolewa. Halafu Charles anamwacha kwa kuwa si bikira. Bikira wake Charles je, nani alimpima?

Kwa hiyo mwendelezo wenu, kaka zangu, ni Charles yule yule aliyepewa kiti cha hakimu kwa mara ya pili. Binti anaishi kama bwana akiridhika. Mimi ninayewahudumia wanawake wodini sipigi makofi. Aliyetoka kwenye mimba iliyoharibika anahitaji damu, dawa na mtu wa kumsikiliza, na wa mwisho kumhitaji ni mchumba wa kumsamehe.

Na Kezilahabi hakuwa mtu wa kuwahurumia wahusika wake. Kazimoto wa Kichwamaji anajiua, Tumaini wa Dunia Uwanja wa Fujo ananyongwa. Ukimfufua Rosa umemfanya mzee aliyefariki 2020 aonekane alikosea hesabu. Kitabu kilipotoka 1971 kiliwaudhi wakubwa kiasi cha kuzuiwa mashuleni, baadaye ndipo kikaja kufundishwa. Kisingewaudhi kama kingeishia na pilau.

Mnataka mwendelezo? Andikeni wa wadogo zake. Flora, Honorata, Stella, Sperantia. Mimi ningemchukua Sperantia. Mwaka ule ule wa 1971 ilipitishwa Sheria ya Ndoa, iliyoruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa mzazi akikubali. Mwekeni Sperantia hapo, na posa mlangoni. Mpelekeni mbele hadi 2016, bibi mwenye wajukuu, anasikia redioni Mahakama Kuu inasema vifungu vile vinavunja Katiba, kwenye kesi ya Rebeca Gyumi. Halafu 2017 anamsikia Rais Magufuli akisema aliyezaa harudi shule ya serikali. 2019 Mahakama ya Rufani inaubariki uamuzi ule wa 2016. Novemba 2021 serikali inafungua mlango wa shule kwa waliojifungua. Bibi ana mjukuu ambaye mimba ilimtoa darasani 2018, ana miaka mitatu nyumbani, mtoto mgongoni. Arudi akakae na wadogo zake darasani au asirudi? Na bibi atamsimulia habari za Rosa, au ataficha kama familia zetu zinavyoficha?

Hiyo ningeisoma usiku mmoja hata nikiwa na zamu alfajiri. Kaka msomi, kalamu unayo. Charles mwache huko huko alikojipeleka.