Afya Nyumbani: Dawa Mbili Zisizopatana

Mwezi huu twataka kunena juu ya maumivu ya kichwa; si yale ya siku moja yaletwayo na jua au homa, bali yale yarudiayo juma kwa juma, hata mtu akayazoea kama mzigo wa kuni. Twaandika kwa sababu katika nyumba nyingi za milimani kwetu mwenye kichwa cha namna hii ana pia maradhi mengine yenye dawa zake za kila siku. Akiisha kumeza hizo, huongeza vidonge vya maumivu alivyonunua mwenyewe siku ya gulio. Hapo ndipo ilipo hatari.

Jambo hili si la watu wachache. Katika miaka ya 2003 na 2004, waganga wa hospitali ya Haydom katika nchi ya Mbulu walipita nyumba kwa nyumba na kuwauliza watu zaidi ya 7,000, wakaona ya kuwa kichwa huwatesa watu wa vijijini pia. Tena, katika miaka ya 1990 ilipimwa damu ya watu wa Hai, jirani zetu katika mkoa huu wa Kilimanjaro. Katika wale waliokutwa na presha, hawakufika mmoja katika watano waliojua kwamba wanayo. Basi mtu aweza kumeza vidonge vya kichwa mwaka mzima naye hajui presha yake, wala hajui ya kuwa vidonge vingine huipandisha.

Twamjua mama mmoja wa milimani, ambaye jina lake hatulitaji. Alikuwa na dawa mbili za presha, moja ya kushusha na moja ya kukojosha, naye alizimeza kwa uaminifu. Walakini presha haikushuka, miguu ikavimba, na mkojo ukapungua. Alipoteremka zahanati, muuguzi alimwuliza, “Mama, mbali na dawa hizi, wameza na nini tena?” Akajibu, “Mwanangu, hamna kitu. Ni vile vidonge vya kichwa tu, asubuhi na jioni.” Vidonge vile vilikuwa diklofenaki. Hakuvihesabu kuwa dawa, kwa kuwa vyauzwa dukani kama chumvi. Alipelekwa hospitali, damu ikapimwa, ikaonekana ya kuwa mafigo yameanza kuchoka. Vidonge vile vikakomeshwa, na baada ya majuma kadhaa presha ikashuka kwa dawa zile zile za kwanza.

Kwa nini ikawa hivyo? Fikirini ndiva zetu, zile za kukusanya maji ya mashamba. Ndiva haimwagilii shamba isipojaa. Figo nalo haliwezi kuchuja damu pasipo damu kulisukuma kwa nguvu ya kutosha. Diklofenaki na ibuprofeni huufanya mwembamba mfereji uingizao. Dawa nyingine za presha, kama kaptoprili, enalaprili na losatani, huupanua mfereji utoao. Dawa ya kukojosha hupunguza maji ya mto wenyewe. Kila moja peke yake yaweza kuvumilika. Zikikutana zote tatu, ndiva haijai. Tena mtu ashukapo kutoka baridi ya Chome au Mbaga mpaka joto la Same au Makanya, akatoka jasho kutwa bila kunywa maji, au akiwa anaharisha, hatari huzidi.

Ziko na jamaa nyingine zisizopatana. Anywaye warfarini kwa ajili ya moyo au damu igandayo, asimeze aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki kwa shauri lake mwenyewe, maana aweza kutokwa damu tumboni au kichwani. Anywaye aspirini ndogo ya moyo asichanganye na ibuprofeni pasipo kumwuliza mganga, kwa kuwa ibuprofeni yaweza kuizuia aspirini kufanya kazi yake. Anywaye ritonaviri asimeze kamwe vidonge vya kichwa vyenye ergotamini. Mishipa ya mikono na miguu yaweza kujifunga hata nyama ikafa. Mwenye mimba nusu ya mwisho asitumie ibuprofeni wala diklofenaki ila kwa amri ya mganga. Na mtoto mwenye homa asipewe aspirini.

Parasetamoli kwa wengi ndiyo salama zaidi, walakini nayo ina mpaka wake. Mtu mzima asipite vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku moja. Mwembamba sana, mwenye ugonjwa wa ini na mnywaji wa pombe, kipimo chao ni kidogo kuliko hicho. Anywaye isoniazidi ya kifua kikuu, au dawa za kifafa kama fenobabitali na kabamazepini, amwulize mganga kwanza, maana ini lake lina kazi nyingi tayari. Tena soma maandiko ya paketi: dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake, na mtu humeza mara mbili asijue.

Liko neno jingine ambalo wengi hulisikia kwa mshangao: dawa ya kichwa yenyewe yaweza kuwa mama wa kichwa. Amezaye vidonge vya kawaida siku 15 au zaidi katika mwezi, au vile vilivyochanganywa na kafeini au kodeini siku 10 au zaidi, kwa muda upitao miezi 3, kichwa chake chaweza kugeuka kuwa cha kila siku. Haba na haba hujaza kibaba. Akiacha, siku za kwanza maumivu huzidi, naye hudhani ameshindwa. Lakini akivumilia, baada ya majuma machache wengi hupata nafuu. Afanye hivyo kwa shauri la mganga. Wala asiache kamwe dawa zake za presha, za kifafa au za moyo akidhani ndizo zenye kosa.

Basi tufanyeje? Kwanza, mwenye kichwa kirudicho awe na daftari. Aandike tarehe, saa, usingizi, chakula, maji aliyokunywa, na kila kidonge alichomeza. Walimu, wasaidieni wazee wasiojua kuandika. Mtoto wa shule aweza kumwandikia bibi yake kila jioni. Pili, aendapo zahanati achukue dawa zote za nyumbani katika mfuko mmoja, hata za dukani, hata za miti shamba. Anywaye warfarini aseme pia kama anywa tangawizi nyingi. Tatu, dukani asiseme tu “nipe dawa ya kichwa,” bali aseme, “Nameza dawa hizi, ipi yapatana nazo?” Nne, ajue ya kuwa ziko dawa za kuzuia kichwa kisije, kama propranololi na amitriptilini, ambazo mganga huchagua kwa kutazama maradhi mengine, propranololi, kwa mfano, haimfai mwenye pumu.

Mwisho, ziko dalili zisizongoja daftari. Kichwa kilichokuja ghafula kwa nguvu kuliko vyote vya zamani; kichwa chenye homa na shingo kukakamaa; udhaifu wa upande mmoja, maneno kuvurugika, macho kufifia, au kifafa; kichwa baada ya kuanguka; kichwa kikali cha mwenye mimba: hao wote wapelekwe hospitali siku ile ile, hata kama barabara ya mlimani ni mbaya na usiku umeingia.

Twawasihi, jioni ya leo fungueni kasha la dawa pamoja na watu wa nyumbani, mkaulize kila mmoja ameza nini. Jambo hilo halina gharama, nalo laweza kuyaokoa mafigo ya mama yenu.