Usukani Ulio Bubu



Bwenini kwetu, wavulana wakizungumza habari za motokaa, swali la kwanza huwa ni moja tu: "Yakimbia kilomita ngapi kwa saa?" La pili ni nguvu za injini, na la tatu ni bei. Sijasikia hata mmoja akiuliza habari za usukani. Nami naomba nafasi katika kurasa hizi kusema ya kwamba swali hilo lisiloulizwa ndilo kubwa kuliko yote, hasa kwetu sisi tunaoanza kushika leseni.

Mjomba wangu ni fundi wa magari huko Katwe, chini ya kilima chetu cha Mengo. Ana pikapu moja kuukuu ambayo usukani wake hausaidiwi na kitu chochote. Ni mikono yako tu, vyuma, na magurudumu. Wakati wa likizo alinifundisha kuendesha katika pikapu hiyo. Siku ya kwanza mabega yaliniuma mpaka usiku. Nilipolalamika aliniambia, "Mwanangu, usiushike kama mtu aliyekamata mwizi. Ushike kama unavyoushika mkono wa mgeni, usikie anakuambia nini."

Mwanzo nilidhani ni maneno ya wazee tu. Baadaye nilielewa. Gari likikata kona, njia huyasukuma matairi ya mbele, na tairi hujaribu kurudi kunyooka. Msukumo huo hupanda kwa vyuma mpaka viganjani mwako, nawe wauona kama uzito. Kadiri unavyoingia konani kwa kasi ndivyo uzito unavyozidi. Lakini tairi linapokaribia kushindwa kushika njia, msukumo ule huanza kupungua, na usukani huwa mwepesi ghafula. Wepesi huo ni onyo. Huja kabla gari halijateleza, nao humpa mtu nafasi ya kuondoa mguu katika petroli. Katika njia ya udongo mwekundu iliyolowa mvua, pikapu ile iliniambia hivyo mara tatu, nami nikaisikia mara zote tatu.

Sasa tazameni mambo yalivyobadilika katika magari ya mbio. Mwaka 1973 mtu aliyezaliwa Uganda, Shekhar Mehta, alishinda mashindano ya Safari akiendesha Datsun 240Z. Mwaka mmoja kabla yake jamaa yake walilazimika kuondoka nchini, Idi Amin alipowafukuza Waasia. Mehta alishinda Safari mara tano kwa jumla: 1973, kisha 1979, 1980, 1981 na 1982. Gari lile la 240Z lilikuwa na injini ya lita 2.4 na nguvu za farasi kama 150, na usukani wake haukuwa na msaada wowote. Katika vumbi, matope na mawe, kila habari ya njia ilimfikia dereva mikononi mwake.

Mjukuu wa gari lile ni Nissan Z mpya, iliyoonyeshwa kwa watu mwaka 2021. Sura yake imefanywa kumkumbuka babu yake, na nguvu zake ni za farasi 400. Iliyoitangulia, yaani 370Z, ilikuwa na usukani uliosaidiwa na pampu ya mafuta. Katika hii mpya msaada umetiwa katika mota ya umeme. Si Nissan peke yao. Porsche nao walifanya hivyo katika 911 waliyoitoa mwaka 2011, na waandishi wengi wa habari za magari walinung'unika ya kwamba usukani umepoteza sauti yake ya zamani. Siku hizi karibu kila gari jipya limefuata njia hiyo.

Mimi sijapata kuendesha Z. Lakini nimepata kuendesha gari jingine la mbio la siku hizi, lililofanyiwa sura mpya, na jina lake silitaji kwa kuwa sikukusudia kumwaibisha mtu wala kumtangazia biashara. Mwenyewe ni rafiki wa mjomba. Alilileta Katwe kubadilisha mafuta, na Jumapili moja alfajiri, kabla ngoma za Namirembe hazijalia, aliniruhusu niliendeshe, yeye kando yangu na mjomba amejikunja nyuma.

Lo! Lilikuwa tamu. Injini iliitika kabla sijamaliza kukanyaga. Breki zilikamata kama kucha za mwewe. Usukani nao uligeuka kwa kidole kimoja, na pua ya gari ikaenda pale pale nilipotaka. Nilijiona hodari sana.

Wageni wa Mengo yafaa waelezwe ya kwamba barabara ya Kabaka Anjagala yatoka Lubiri mpaka Bulange, na katikati yake pana mzunguko uitwao Nantawetwa, wenye lango. Kabaka peke yake hupita langoni moja kwa moja bila kupinda. Sisi wengine sharti tuzunguke. Basi mahali hapo Kabaka hana haja kubwa ya usukani, lakini sisi tunayo.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Niliingia mzungukoni kwa mwendo uliopita kidogo ule uliofaa lami iliyolowa. Hilo ni kosa langu, na silikani. Katikati ya kona matairi ya mbele yaliacha kushika, na gari likaanza kwenda nje, upande aliposimama mama mmoja mwenye kikapu akingoja kuvuka. Mikono yangu haikuambiwa neno. Usukani ulikuwa mwepesi kabla ya kuteleza, mwepesi wakati wa kuteleza, na mwepesi baadaye. Taa ndogo ya manjano ilipepesa mbele yangu, gari lenyewe likafunga breki ya gurudumu moja, na tukarudi katika njia yetu. Yule mama hakujua kitu. Mwenye gari alicheka akasema, "Unaona lilivyo na akili!"

Mjomba hakucheka. Tuliposhuka Katwe aliniambia, "Leo gari limekuokoa. Kesho utaendesha pikapu yangu, ambayo haina akili hiyo. Ni nani atakayekuokoa?" Nami sikuwa na jibu.

Najua watakaonipinga, na hoja zao si za kudharauliwa. Mota ya umeme hutumia nguvu pale tu inapohitajika, hali pampu ya mafuta huzungushwa na injini wakati wote. Basi petroli huokolewa. Mtu asiye na nguvu nyingi aweza kuligeuza gari mahali pembamba bila taabu. Tena ile akili ya breki ndiyo iliyomkinga yule mama asubuhi ile, nami naishukuru. Sisemi turudi wote katika usukani unaovunja mabega.

Nisemalo ni hili: msaada ni jambo moja, na kunyamazishwa ni jambo jingine. Mtumishi akikubebea mzigo amekusaidia. Lakini akikuficha ya kwamba nyumba inaungua ili usifadhaike, hakukusaidia. Mota ya umeme yaweza kufundishwa na mafundi wake ipunguze uzito na bado ipitishe habari za njia. Ni kazi ya uangalifu na gharama, wala haionekani katika picha za kuuzia magari. Ndiyo sababu huachwa nyuma, na itaendelea kuachwa maadamu sisi wanunuzi tunauliza kilomita tu.

Ubaya wa usukani bubu ni huu, ya kwamba humsifu dereva asiyestahili. Mwenye mikono ya mwaka mmoja hujiona sawa na mwenye mikono ya miaka ishirini, mpaka siku ile kona inapokuwa kali kuliko akili ya gari. Na Kampala njia zetu zina mashimo, mchanga, boda boda zinazochomoka kila upande, na watoto wanaokwenda shule kwa miguu. Hapa ndipo mtu anapohitaji kuambiwa kweli mapema.

Basi nawaomba wenzangu mambo mawili. Kwanza, mwenye nafasi ajifunze kuendesha katika gari linalosema, hata likiwa kuukuu na la kuchosha, kabla ya kushika lile linalobembeleza. Akiisha kujua sauti ya njia ataitafuta hata ndani ya gari lililo kimya, na asipoisikia atapunguza mwendo. Pili, wale kati yetu wanaotamani kusoma uhandisi wakumbuke ya kwamba Makerere ilikwisha kuunda gari la umeme la watu wawili, Kiira EV, likaonyeshwa mwaka 2011. Huenda siku moja usukani wa gari la Uganda ukawa kazi ya mikono yenu. Mkifika hapo, tafadhali msiufanye bubu.

Wazee walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika gari, mkuu ni njia yenyewe, na usukani ndio mdomo wake. Tangu Jumapili ile nimerudi katika pikapu ya mjomba, na mabega yangu yameacha kuuma.